Jinsi ya kumkumbuka mama aliyebeba kriketi ya nyumba nzima

Mamaangu hakuwahi kucheza kriketi hata siku moja, lakini babaangu na kaka zangu watatu wote walicheza hapa Mombasa miaka na miaka, na ukiniuliza nani alikuwa nguzo ya hiyo timu ntakwambia ni yeye. Zile suruali nyeupe zilikuwa zikirudi Jumapili magharibi zina madoa ya nyasi magotini na udongo mwekundu pajani pale wanapofutia mpira, na Jumamosi ikifika zimeng'ara kwenye kamba, zishapigwa pasi. Alipofariki kila mtu akawa anasema tufanye kitu, tufanye kitu, na hakuna aliyejua kitu gani. Tushafanya sasa miaka kadhaa, mengine tulikosea, ndio nayaandika hapa kwa mwenye mama kama huyo.

La kwanza kabisa, msigawe vitu vyake haraka. Hitma ikisha watu wa ukoo huja na nia nzuri ya kusafisha nyumba na ndani ya siku moja thermos imekwenda, kikapu kimekwenda, na madaftari yametupwa kwa sababu yanaonekana kama makaratasi tu. Sisi tuliokoa daftari lake bahati tu. Mama alikuwa anaandika skoa, yaani matokeo ya mechi boli kwa boli, mwenyewe kwenye daftari la hesabu, lile la vijiboksi, kwa penseli. Boli (mpira mmoja uliorushwa) isiyo na rani, yaani pointi, anaweka nukta, wiketi (mpigaji akitolewa) anaweka W, na bola, yule anayerusha, akimaliza ova nzima, yaani boli sita, bila kutoa rani mama anaziunganisha zile nukta sita zinakuwa herufi M, na hizo M kazichora vizuri kuliko kitu chengine chochote kwenye ukurasa. Na pembeni sasa ndio kuna yeye mwenyewe: "sukari 2kg", "mkanda wa pedi umekatika, sindano", "mvua, tumerudi". Pedi ni zile kinga za miguu.

Kwa hiyo piga picha kila ukurasa, usiruke hata ule mtupu. Kaa karibu na dirisha asubuhi, usitumie flashi maana penseli inang'aa na haisomeki, shika simu juu ya ukurasa isiende upande, na zile pembe za ukurasa ziingie pia. Alafu weka picha sehemu mbili, simu ni kitu cha kuibiwa. Kama ukurasa hauna tarehe tafuta mechi inayojulikana ndani yake. Letu tulilipanga hivyo, tulikuta ukurasa wa mechi aliyoiandika akitazama TV, Kenya rani 210 wiketi 9, Sri Lanka wote nje kwa 157, bola wa Kenya Collins Obuya wiketi 5 kwa rani 24, basi hiyo ni tarehe 24 Februari 2003 pale Gymkhana Nairobi, mwaka ule Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kurasa za kabla na baada tukazipanga kutokea hapo.

Na kama kuna bati ya kriketi, ile mbao ya kupigia mpira, imebaki nyumbani, mbao ikikauka sana inapasuka. Mama ndiye alokuwa akizipaka za kwetu, mafuta ya linsidi mbichi (sio iliyochemshwa), kidogo tu kwenye kitambaa, usoni na kingoni na mgongoni, ila pale mpini unapoingia kwenye mbao usipake kabisa, gundi italegea. Ilaze usiku mzima ikiwa imelala flati.

Pili, kusanya hadithi, na hapa wengi wanakosea swali. Ukimuuliza mzee wa klabu "unamkumbuka vipi mama" atakwambia alikuwa mtu mzuri, basi, imeisha. Muulize "mama alikupa nini?" Hilo swali lilitufungulia mambo. Mmoja akasema alimpa nauli ya matatu mwaka mzima na babaangu hakujua, ampaya (mwamuzi) mmoja akasema alimpa mwavuli na hakuwahi kuudai, mtu mzima akalia kwenye simu. Waambie watume vois kwa WhatsApp, wasiandike, maana wakiandika wanaanza kuandika kama barua ya serikali. Kila vois iandikie jina na tarehe siku ile ile.

Muulizeni pia kila mchezaji wa nyumbani, je mama aliwahi kukaa akatazama mechi mwanzo mpaka mwisho? Wengi jibu ni hapana. Mamake Sachin Tendulkar, yule mpigaji maarufu wa India, alimuona mwanawe uwanjani kwa mara ya kwanza Novemba 2013 pale Wankhede, Mumbai, na hiyo ilikuwa mechi yake ya Test (zile za kimataifa za siku tano) ya 200 na ya mwisho. Mama yetu alikuwa uwanjani kila wiki lakini nusu ya wakati yuko nyuma ya jengo anapanga sahani, ndio maana kwenye daftari lake kuna mapengo karibu na saa ya chai.

Kwa hiyo tukija kwenye mechi ya kumbukumbu, ambayo ndio jambo la tatu na kubwa, sharti la kwanza langu ni hili: siku hiyo dada na wakeze kaka zako wasiwe jikoni. Wanaume wapike au wanunue. Mwaka wa kwanza tulimfanyia mama mechi nzuri sana na mimi sikuona hata ova tatu, niko na sufuria ya mbaazi, na nilirudi nyumbani na uchungu ambao sikuweza kumwambia mtu. Mwaka wa pili kaka zangu walisimama saa kumi usiku wakakanda unga wa mahamri wenyewe. Hayakuumuka sana. Yaliliwa yote.

Uwanja uombe mapema, miezi miwili kabla, kwa barua kwa katibu wa klabu, na msichague kati ya Aprili na Juni, mvua ya masika itawaharibia. Ova 20 kila upande zinakula masaa matatu na zaidi, kwa hiyo anzeni saa tatu asubuhi, hotuba ziwe mbili tu na fupi, sisi mwaka wa kwanza tulikuwa na hotuba saba na mwisho watu wakawa wanatafuta mpira gizani. Kabla ya kurusha sarafu timu zote zinasimama mstari mmoja, wengine hukaa kimya dakika moja, sisi tunasoma Fatiha. Wachezaji wa kriketi wakiwa na msiba hufunga kitambaa cheusi mkononi. Sisi tulichana leso yake kuukuu ya kisutu vipande 22, kila mchezaji akafungwa kimoja, na baada ya mechi vilikusanywa vikafuliwa, viko kwenye mfuko mpaka mwakani.

Zawadi msimpe aliyefunga rani nyingi, huyo jina lake lishaandikwa kwenye skoa. Mpeni mtu alofanya kazi, anayekata nyasi, skora anayeandika skoa, mzazi aliyeleta watoto. Na zile pesa za kikombe kikubwa nunueni vifaa vya watoto, pedi ndogo, helmeti, mipira ya watoto ambayo ni myepesi. Mweka hazina awe mtu wa nje ya familia na atume hesabu kwenye grupu wiki hiyo hiyo, mambo ya marehemu na pesa yanavunja ndugu haraka sana.

Kuna mtu alituambia hii ni kumkuza mama kupita kiasi. Jibu langu ni mama mwengine wa kriketi: Martha Grace wa Downend, karibu na Bristol huko Uingereza, alikuwa akikata habari za wanawe kwenye magazeti na kuzibandika, na watatu wao walichezea Uingereza pamoja dhidi ya Australia pale uwanja wa Oval, London, mwaka 1880. Alipofariki Julai 1884 Gloucestershire, timu ya wanawe, walikuwa uwanjani Manchester wakicheza na timu ya Lancashire, habari ikaja, wanawe wawili wakatoka, na mechi ikaachwa hapo hapo. Kwa hiyo hapana, sio kupita kiasi.

La mwisho ni daftari jipya. Nunua la vijiboksi, penseli mbili na kifutio, mpe mtoto wa miaka tisa kumi hivi siku ya mechi, ukae naye. Mwaka huu alikaa binti wa kakaangu. Ova ya kwanza alinivuta mkono kila boli, "shangazi hii waidi (boli iliyokwenda mbali na mpigaji)? shangazi hii naandika nini?" Ova ya nne hakuniuliza kitu, nikachungulia, kaunganisha nukta sita, M yake imepinda kidogo upande wa kulia, na pembeni kaandika "nina kiu".