Risasi zako zinaenda chini kushoto? Anza na kidole cha triga

Wengi wenye laisensi ya bastola nikiwaona uwanja wa shabaha, wanaotumia mkono wa kulia, matundu yote yanajazana chini kushoto halafu wanalaumu bastola, jamani bastola haina shida, ni triga inavutwa kwa pupa na mkono unaubana mshiko kabla mlio haujatoka.

Dawa yake unaifanyia nyumbani bila kuchoma hata risasi moja. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi), vuta slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho kisha ingiza kidole uhakikishe, risasi zote ziache chumba kingine, na ulenge ukuta imara ambao nyuma yake hakuna mtu. Sasa weka sarafu juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele (kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya bastola), bonyeza triga taratibuuu kwa nyama ya ncha ya kidole, moja kwa moja kurudi nyuma. Sarafu ikianguka, umeitikisa bastola. Dakika kumi kila siku zinatosha kabisa, usichoke.

Macho nayo, saiti ya mbele ndiyo ionekane kali, shabaha iwe na ukungu kidogo, hiyo ni sawa.

Ukienda uwanjani anza mita 5, usikimbilie 25, na mwambie mwenzako akuchanganyie risasi bandia (zisizolipuka) kwenye magazini bila wewe kujua zilipo, ikifika ile bandia utaona mwenyewe mtutu unavyoinama kabla ya wakati