Ukitaka kununua Mustang au Camaro ya zamani uilete Unguja, tizama bati kabla ya rangi

Siku hizi vijana wengi hapa mjini wanatumiana picha za gari za Kimarekani zinazouzwa, Mustang, Camaro, Chevelle, zile za miaka ya 60 na mwanzo wa 70 zenye injini kubwa, zimepigwa rangi nyekundu inang'ara na viti vipya na muuzaji kaandika imerudishwa upya yote. Mwengine anaitaka ya kubebea maharusi, mwengine ya kuwazungusha wageni mpaka Nungwi, mwengine kaipenda tu roho yake, na huyo mie namuelewa zaidi. Sasa kabla hujatuma pesa fanya haya, na nitakaa sana kwenye kutu kwa sababu sisi watu wa kisiwani, upepo wote una chumvi, gari iliyokaa salama miaka na miaka kule Arizona kwenye jangwa hapa ikiwa na kidonda kidogo tu kinakua haraka.

Injini ya V8, yaani ya silinda nane, inatengenezeka, spea zake mpaka leo zinatengenezwa mpya Marekani unaagiza zinakuja. Lakini bodi ikishaoza ndani na juu ikapakwa puti, ule udongo wa kujazia mashimo ya bati ambao sumaku haiushiki, hapo umenunua rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini usije ukamkwaruzia mtu gari yake, uipitishe taratibu chini ya milango, kwenye madigadi, nyuma ya mipira (matairi), na kona za chini za buti. Pahala inapolegea au kuanguka ujue hapo puti ni nene au bati halipo kabisa. Puti nyembamba ya kusawazisha si neno, gari ya zaidi ya miaka 50 haikosi, balaa ni ile iliyoziba tundu maana inanyonya maji kwa nyuma kama mkate wa mofa kwenye mchuzi, masika ya hapa ikipita rangi inaanza kutoa mapovu.

Halafu kila gari ina ugonjwa wake. Mustang za 1965 mpaka 1968 tizama chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya kuingiza hewa, mle ndani maji na majani yanakaa bati linaoza na hulioni kwa sababu limefungwa, na kulitengeneza mpaka ukate na uchomelee upya. Kipimo chake ni jagi la maji tu. Mimina polepole juu ya yale matundu, kushoto kisha kulia, mwenzako awe ndani kalala chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondoka pahala pa miguu basi hiyo kazi haijafanywa hata muuzaji akiapa. Kama gari iko mbali muombe afanye hivo kwenye video bila kukata, akikataa tafuta gari nyengine.

Mustang haina chesisi ya peke yake, bodi ndo linabeba kila kitu, kwahio nyanyua mazulia utizame sakafu na ile mihimili ya chini, na mbele kule springi zinapokaa angalia kama pana nyufa au vipande vya kuchomelea. Camaro za 1967 hadi 1969 mbele zina fremu ya kufunga kwa bolti, nyuma ni bodi tupu. Chevelle na GTO zina chesisi kamili, hapo lala chini ugonge kwa nyundo ndogo hasa sehemu za nyuma, bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kufa. Gari za General Motors, yaani hizo Camaro, Chevelle na GTO, pia zinaingiza maji kwenye kioo cha nyuma yanateremkia buti, kwahio fungua buti utoe kila kitu. Na gari yenye paa lililovishwa vainili, ile ngozi ya plastiki, iogope, chini ya ile vainili kutu inajificha vizuri sana, bonyeza kwa kidole uskie.

Sasa namba ya gari iliyogongwa kiwandani. Beji ya SS au GT, zile za matoleo ya nguvu zaidi, mtu anainunua dukani anaibandika, ila bei inapanda mno. Usitafute namba yenye herufi na tarakimu 17, hizo zimeanza 1981. Kwa Mustang ya 1967 inaanza na 7 ambayo ni mwaka, inafuata herufi ya kiwanda (F Dearborn, R San Jose, T Metuchen), kisha 01 ni paa la kawaida, 02 ni lile paa lililoteremka mpaka nyuma, 03 ya kufunguka, halafu herufi ya injini, C na A ni V8 ya inchi za ujazo 289, S ni 390, T ni silinda sita. Mtu akikuuzia V8 na namba ina T pale kwenye injini, basi imebadilishwa na bei ishuke. Camaro ya 1967 ikianza na 123 ilizaliwa na silinda sita, 124 ndo V8, na namba hiyo haisemi kama ni SS, kwahio anaekwambia imesoma SS kwenye namba usimuamini, mwambie alete karatasi nyengine.

Na nguvu za farasi zinazotajwa zisikutie wazimu, mpaka 1971 Wamarekani walikuwa wakipima injini ikiwa peke yake bila vitu vyake vyote, kuanzia 1972 ndo wakapima kama inavyokaa ndani ya gari, kwahio 300 ya 1968 si sawa na 300 ya gari ya leo.

Injini iwashwe ikiwa baridi, shika boneti kwanza. Moshi wa buluu inakula oili, moshi mweupe usioisha maji yanaingia ndani. Iache inaunguruma imesimama dakika 20 utizame joto, maana foleni ya Darajani saa nane mchana haina huruma na rejeta dogo. Mustang za 1966 kurudi nyuma breki zake ni njia moja, paipu ikivuja popote zote zinapotea, kwahio hesabu na gharama ya kuweka za njia mbili. Mipira soma namba nne za mwisho ubavuni, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, inaweza kuwa na meno mazima na imeshakufa.

Kabla ya kulipa nenda forodha na kwenye usajili wa vyombo vya moto, waambie mwaka wa gari na kwamba usukani uko kushoto, uchukue jibu kwa maandishi. Usukani huo na sisi tunaendesha kushoto, ukitaka kulipita daladala njia ya Makunduchi huoni mbele, mpaka uwe na mtu pembeni. Isafirishwe ndani ya kontena. Ikishushwa Malindi ioshe chini yote kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ikauke, kisha fundi apulize nta ya kuzuia kutu ndani ya milango na mihimili. Usiifunike turubai la nailoni, unyevu unabaki ndani, tumia kitambaa kinachopumua, na yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango uyazibue kila kabla ya masika.