Umeambiwa ufungue kampuni ndipo ulipwe? Jinsi ya kujua kama sheria ya ajira bado inakulinda

Fundi mitambo wa Chang'ombe, mhasibu wa Posta na mtu wa mifumo ya kompyuta Masaki wote wanaweza kukutana na maneno haya: "Sajili kampuni BRELA, uchukue TIN, tutakulipa kwa ankara kupitia wakala." Kazi inabaki ileile, msimamizi yuleyule, geti lilelile. Karatasi tu ndiyo imebadilika, na mtu anabaki akijiuliza kama likizo, notisi, kiinua mgongo na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) vimeondoka na karatasi hiyo.

Si lazima viwe vimeondoka. Ila kuna kazi ya kufanya, na sehemu kubwa yake ifanywe ukiwa bado kazini. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005.

Sheria inatazama nini

Shika kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Kinasema anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe wa sura yoyote, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo dalili moja tu au zaidi kati ya hizi ipo: namna unavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi hiyo, umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au unamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Tazama ile ya saa 45. Ni kwa mwezi, si kwa wiki. Anayeingia siku mbili kwa wiki, saa sita kila siku, tayari anaivuka.

Usishangilie mapema, kwa sababu kampuni yako inaleta kikwazo cha kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua mwajiriwa kuwa ni mtu binafsi; kampuni haiumwi, haijifungui, haiendi likizo. Tena inamwacha nje mtu ambaye upande wa pili ni mteja wa biashara anayoiendesha mwenyewe. Wakili wa mwajiri atasimama hapo hapo: "Sisi tuliingia mkataba na kampuni, na sisi ni wateja wake." Kwa hiyo lazima uonyeshe mambo mawili: kwamba kazi ilikuwa yako wewe binafsi, na kwamba yule hakuwa mteja wako kwa maana ya biashara.

Jipime kabla wengine hawajakupima

Ungeugua kesho, ungeweza kumtuma mtu mwingine wa kampuni yako afanye kazi hiyo, akapokelewa getini bila mjadala? Mikataba mingi ina kifungu kinachoruhusu mbadala, lakini mbadala hajawahi kuonekana. Kama uliwahi kumtuma mtu akakataliwa, andika tarehe, jina la aliyekataa na sababu aliyoitoa. Ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko kurasa kumi za mkataba.

Nani alipanga bei? Mfanyabiashara hutoa makisio, wakavutana, wakakubaliana. Ukiwa uliambiwa "tunalipa milioni moja na nusu kwa mwezi, andika ankara", na ankara 14 mfululizo zina kiasi kilekile, hiyo ni sura ya mshahara. Kazi ikiharibika je? Mkandarasi huirudia kwa gharama zake. Mwajiriwa hupewa barua ya onyo. Barua ya onyo iliyoandikwa kwa jina lako ni ya kutunza sana.

Sasa upande wa pili, kwa ukweli uleule. Ukiwa na wasaidizi unaowalipa mwenyewe, unawatoza wateja wengine, unatoa risiti za EFD (mashine ya kodi) kwa watu tofauti, una vifaa vyako na unapanga muda wako, wewe ni mfanyabiashara. Kudai kiinua mgongo hapo ni kupoteza muda. Shughulikia mkataba wako kama mkataba wa biashara: masharti ya malipo, riba ya kuchelewesha, notisi ya kuvunja. Na nunua bima ya ajali, maana fidia ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inawahusu waajiriwa.

Wakala akiwa katikati

Wakala anayetafutia watu kazi anatakiwa awe na kibali cha Kamishna wa Kazi. Omba kukiona. Kisha uliza swali moja kwa barua pepe ili jibu libaki: mwajiri wangu ni nani? Akijibu "ni kampuni yako mwenyewe", umepata msimamo wao kwa maandishi, na utajua unapambana na hoja gani.

Watu wengi wa fani za kompyuta na uhandisi husoma maelezo ya Uingereza na kuyaleta hapa. Kule kuna Kanuni za Wafanyakazi wa Mawakala za 2010, zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011: baada ya wiki 12 kwenye kazi ileile, mfanyakazi wa wakala anapata malipo, saa na likizo kama angeajiriwa moja kwa moja. Kuwa na kampuni yako hakukutoi nje moja kwa moja. Anayetoka ni yule ambaye aliyemtumia kweli ni mteja wa biashara yake. Mantiki inafanana na yetu, lakini wiki 12 hazina nafasi mbele ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapa taja kifungu cha 61.

Piga hesabu kabla ya kusaini

Chukua mshahara wa Sh 1,500,000. Ungeajiriwa, mwajiri angeongeza NSSF 10%, yaani 150,000, na WCF 0.5%, yaani 7,500. Likizo ya siku 28 yenye malipo ni karibu mwezi mmoja kila mwaka. Ukiigawa kwa miezi 12 ni 125,000. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika ni kama 33,700 kwa mwezi. Jumla ni karibu Sh 1,816,000, na bado hujagusa ada ya mhasibu, ritani za BRELA, leseni ya biashara, wala siku za ugonjwa ambazo hakuna atakayezilipa. Ankara ya milioni moja na nusu ni punguzo la kipato, hata kama mkononi inaonekana kubwa. Kumbuka pia kwamba ankara ya huduma hukatwa kodi ya zuio ya 5%. Tunza vyeti vyake, vinapunguza kodi ya kampuni mwisho wa mwaka.

Kusanya ushahidi mapema

Mkataba ukiisha, barua pepe ya ofisi hufungwa siku hiyohiyo. Hifadhi vyako mapema: taarifa ya benki, ankara zote, picha ya kitambulisho chenye nembo yao, zamu, maombi ya ruhusa na majibu yake, fomu ya kukabidhiwa kompyuta au zana. Ujumbe wa WhatsApp unakubalika, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini uhalisi wake utahojiwa; usibadilishe simu wala kufuta mazungumzo. Usichukue nyaraka za siri za mteja. Utaharibu kesi nzuri kwa kosa lako mwenyewe.

Kama kuna mwezi hata mmoja uliokatwa PAYE (kodi ya mshahara) au kuchangiwa NSSF kabla hujahamishiwa kwenye kampuni, chukua taarifa yake. Inaonyesha kwamba kazi ileile iliwahi kuitwa ajira.

Kwenda CMA

Shauri la kuachishwa lipelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Madai mengine ndani ya siku 60. Hapa ndipo wengi huangukia. Barua husema "mkataba wa huduma hautahuishwa", mtu anasubiri mazungumzo, anaahidiwa, mwezi unapita. Hesabu kuanzia tarehe ya barua, na siku za mwisho wa wiki zihesabu ili uwe upande salama. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu nzito, na ahadi za mdomo si sababu nzito.

Jaza Fomu Na. 1 kwa jina lako binafsi, si la kampuni. Ukijaza kwa jina la kampuni umeshakubali hoja yao. Waandike wakala na aliyekutumia wote wawili kama walalamikiwa, kwa sababu kila mmoja atamnyooshea kidole mwenzake, na ukimtaja mmoja tu, hasara ya kukosea ni yako. Wakabidhi nakala kwanza, wasaini kupokea, kisha iwasilishe fomu hiyo kwenye Tume pamoja na uthibitisho huo. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri linaenda kwenye uamuzi, na hapo ndipo utaulizwa ni nani aliyekuwa akipanga saa zako.