Shingo ya besi umeitoa? Soma hapa kabla hujaiegesha ukutani

Wengi tukishafungua shingo ya gitaa la besi tunaiegesha kwenye kona nyuma ya mlango afu basi, bodi imeenda kupigwa rangi, fundi kasema wiki mbili, si unajua wiki mbili za fundi, zinakuja kuwa miezi mitatu, siku unairudisha shingo imebinuka kwa nyuma na nyuzi zinakwaruza kwenye freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) za mwanzo zote. Hapo lawama zote zinaenda kwa mbao, wakati mbao haina kosa.

Iko hivi. Seti ya kawaida ya nyuzi nne inavuta shingo kwa mbele kama kilo 70 na kitu, na ndani ya shingo kuna chuma, trasi rodi, kinachovuta kwa nyuma ili inyooke. Ni mchezo wa kuvuta kamba. Sasa ukitoa nyuzi timu moja imeondoka uwanjani ila ile nyingine bado inavuta usiku na mchana. Ndo maana kabla hata hujawaza utaifunga na nini, legeza rodi kwanza.

Tafuta nati yake, kuna shingo iko kichwani kwenye vitunia (vile vya kuzungusha kukaza nyuzi), kuna zingine (zile za mtindo wa Fender ya zamani) iko kule chini shingo inapoingia kwenye bodi, na hapo ndo raha ya kuwa umeshaitoa maana inafikika bila kuhangaika. Tumia alenkii au bisibisi inayoingia sawasawa, zungusha kinyume na saa robo robo, ukisikia nati imekuwa laini haina upinzani tena acha hapo, usiitoe yote. Rodi zingine zinavuta pande zote mbili, hizo ukipitiliza ule ulaini zinaanza kukaza tena upande wa pili, kwahiyo rudi kati pale palipo laini. Kama nati imegoma kabisa usilazimishe, mpelekee fundi magitaa, rodi ikikatika humo ndani ni kesi nyingine. Na kama shingo inakaa nje siku mbili tatu tu, mi nisingegusa kitu.

Unyevu sasa. Shingo inapenda hewa ya asilimia 45 hadi 55 hivi, huku pwani, Dar, Tanga, Mombasa, inapita 70 kirahisi. Ifunge kwa kitambaa cha pamba au shuka la zamani, iingize kwenye begi la gitaa pamoja na vile vifuko vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu, uwe unavibadilisha. Usiikaze na nailoni juu ya mbao yenyewe maana jasho linabaki humo humo. Fingabodi (ule uso wa shingo unaobonyezea nyuzi) kama ni mbao ya rozwudi ifute, paka mafuta maalumu kidogo sana, kama ni mbao ya mepo yenye vanishi kitambaa kikavu kinatosha. Mafuta ya kupikia hapana jamani, yanachacha.

Pa kuiweka: kabatini ndani ya nyumba, sio juu ya dari chini ya mabati, sio kwenye buti la gari, sio sakafuni ambako mchwa wanapita. Ining'inize kwa kichwa au ilaze, ila ukiilaza kumbuka vitunia vinatokeza kwa nyuma, so weka taulo lililokunjwa chini ya shingo urefu wote na kichwa kibaki kinaelea, usipange vitu juu yake.

Skrubu nne, kile kisahani cha chuma na kama kulikuwa na kikaratasi au kipande chembamba cha mbao pale kwenye maungio, vyote kwenye kifuko kimoja ukifunge kwenye shingo yenyewe. Siku ya kurudisha, kila skrubu izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka usikie imedumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndo ukaze. Afu nyuzi, upandishe tyuni, na rodi uirudishe mwisho kabisa, robo robo, huku unaangalia shingo inavyonyooka.