Kukamua mayai ya trauti, vile mimi hufanya

Watu huniuliza mbona mayai yao yanageuka meupe, yaani yanakufa, kwa trei ya kutotolea, na mara nyingi shida ni moja tu, maji. Trauti mwenyewe ni samaki wa mito baridi ya milimani, asili yake magharibi mwa Amerika Kaskazini, mkoloni ndiye alimleta huku Mlima Kenya na akapapenda, lakini ukitaka vifaranga wa kutosha usimwachie mto, mkamue.

Hatua ya 1: Angalia majike kila wiki. Aliyeiva tumbo ni laini, ukimwinua kichwa juu mayai yanateremka yenyewe. Akiwa bado mgumu mrudishe, ukilazimisha utatoa damu.

Hatua ya 2: Hapa ndio penyewe. Beseni kavu, mikono mikavu, samaki mpanguse na taulo mpaka mkia usidondoshe hata tone, manake yai likiguswa na maji linaanza kuyanywa na kile kitundu cha kuingilia mbegu kinajifunga, na mbegu ya dume nayo ikishalowa inaogelea kama dakika moja hivi halafu basi. Msimu mmoja kijana wangu alishika jike na glavu imelowa, matone manne tu, beseni zima tukamwagia kuku.

Hatua ya 3: Shika mkia na taulo, kidole gumba kishuke polepole kutoka mapezi ya tumbo hadi kwa tundu. Mayai mazuri yana rangi ya chungwa na yanamwagika kama shanga. Jike wa kilo hukupa kama 2,000.

Hatua ya 4: Kamulia madume wawili watatu juu yake, mmoja anaweza kuwa hafai na kwa macho hutajua. Koroga na unyoya wa kuku. Sasa ndio utie maji ya mto yafunike mayai, ngoja kidogo, suuza mpaka yatoke safi, halafu yaache saa moja ndani ya maji ganda likaze, ukiyagusa utasikia yamekuwa magumu.

Hatua ya 5: Trei, maji yanayopita, giza. Funika, jua linaua. Baada ya siku mbili usiyaguse tena mpaka uone vidoti viwili vyeusi vya macho, kwa maji ya nyuzi 10 ni kama siku 17, hapo ndio utoe yaliyokufa na pipeti, kale kamrija ka kunyonyea, kabla ukungu haujashika mengine. Karibu siku ya 30 wanatotoka na kifuko cha kiini tumboni. Chakula bado, ngoja kifuko kikaribie kuisha na waanze kupanda juu wenyewe.