Kuchagua baiskeli ya kwanza kwa hela ndogo: pima, shika, zungusha

Mnunuzi mgeni huanza na rangi, akaja kwenye idadi ya gia, akamalizia na bei. Fundi hana habari na hayo. Anasoma namba ubavuni mwa tairi, anashika mkono wa pedali kuona kama unacheza, anapitisha kidole kwenye rimu. Ukijua anachokitafuta, hutauziwa mbuzi kwenye gunia, na dalali naye atapunguza maneno.

Tuanze na hela. Tuseme una shilingi 200,000. Usitafute baiskeli ya 200,000. Tafuta ya 140,000 hadi 150,000. Inayobaki ina kazi: mipira ya breki, waya, pengine tairi moja, pampu, kufuli na taa. Baiskeli ya mtumba huwa na mipira ya breki iliyokauka, hata ile iliyopanguswa mafuta ikang'aa kama mpya. Bonyeza kwa ukucha: usipoingia hata kidogo, mpira huo haushiki tena.

Baiskeli zenyewe

Sokoni utakuta makundi matatu. La kwanza ni lile dume jeusi la inchi 28, mfano wa Phoenix, ambalo Kenya huliita Black Mamba. Lina gia moja na breki za vyuma badala ya waya, na uzito wake unakaribia kilo 20. Limetengenezwa kwa mzigo: mkaa, ndizi, madumu ya maji, na abiria pia, maana boda boda za kwanza kule mpakani Busia zilikuwa baiskeli. Vipuri vyake vipo hadi kijijini. Kama utabeba mizigo, chukua hilo wala usione haya. Kama ni la kwenda kazini na kurudi, uzito utakuchosha, na rimu zake za kromu zikilowa mvua breki huteleza vibaya.

La pili ni mtumba kutoka Ulaya na Japani. La tatu ni baiskeli mpya za bei ya chini zenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski na gia 21. Hizo ndizo zinazovutia vijana, na kwa hela ndogo ndizo za kuepuka. Shokapu ya bei hiyo ni springi tu ndani ya bomba: inaongeza uzito, inameza nguvu unayokanyagia, na viungio vya ile ya nyuma vikianza kulegea baiskeli nzima inayumba. Hela iliyokwenda kwenye shokapu imetolewa kwenye magurudumu na breki.

Kwa anayeanza, chaguo letu ni mtumba wenye foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na shokapu, rimu za alumini, breki za mpira za waya zenye mikono miwili mirefu, na gia sita au saba nyuma. Mbele meno ya duara moja yanatosha kabisa mjini. Ili kujua rimu ni alumini, nenda na sumaku ndogo. Ikinata, ni chuma.

Mtego wa tairi

Hapa ndipo wengi hupigwa. "Inchi 26" si saizi moja. Tairi ya baiskeli ya milima huandikwa kwa nukta, kwa mfano 26 x 1.95. Ya baiskeli nyingi za Japani zenye kikapu huandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8. Ukizisikia kwa mdomo ni zilezile, lakini rimu ya pili ni kubwa kwa milimita 31 na tairi ya kwanza haiwezi kuikaa hata ukilazimisha kwa bisibisi. Inchi 28 nayo ni hivyohivyo: ya Phoenix na ya Ulaya hazibadilishani.

Usihangaike na inchi. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, vyote kwa milimita. 559 ni ya milima, 590 ni ile ya sehemu, 622 ni ya baiskeli za mbio na zile ziitwazo 700, na 635 ni dume jeusi. Ukikuta 609, hiyo ni inchi 27 ya Kijapani. Iandike namba hiyo, nenda kwanza duka la vipuri unalolitegemea, uulize kama wana tairi na tyubu yake. Wasipokuwa nayo, iache baiskeli hiyo hata kama ni nzuri kuliko zote zilizopangwa pale.

Angalia na valvu. Nene kama ya gari hujazwa upepo popote, hadi kituo cha mafuta. Nyembamba yenye kinati kidogo kichwani inataka pampu yake au kiunganishi.

Saizi ya mwili

Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu ukikibana juu kama vile umekalia tandiko. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Ukipata sentimita 80, zidisha kwa 0.226: fremu yako ya baiskeli ya milima ni ya inchi 18 hivi. Kwa baiskeli ya mbio zidisha kwa 0.67, utapata karibu sentimita 54. Urefu huo hupimwa kwenye bomba la kiti, kuanzia kati ya ekseli ya pedali kwenda juu.

Sokoni, ipande fremu ukiwa umesimama, miguu yote chini. Kati yako na bomba la juu iwepo nafasi ya sentimita 5 kwa ya milima, 2 au 3 kwa ya mbio. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litakunja kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kama ili ufike urefu huo inabidi uchomoe nguzo ya kiti hadi alama yake ya mwisho ionekane, fremu ni ndogo kwako. Nguzo ikipita alama hiyo huvunja bomba.

Ukaguzi wa dakika kumi

Beba rula ya shule ya sentimita 30, uzi wa mita tatu na ile sumaku.

Fremu kwanza, kwa sababu ndiyo isiyobadilishika. Tazama nyuma ya bomba la usukani, chini. Rangi iliyokunjamana au mkunjo mdogo wa chuma maana yake baiskeli iligonga kitu mbele. Angalia nyufa kwenye maungio karibu na pedali na pale ekseli ya nyuma inaposhikiliwa. Fremu ya chuma iliyochomelewa inaweza kuendelea na kazi. Ya alumini iliyochomelewa mtaani usiichukue. Halafu funga uzi kwenye mshikio wa ekseli ya nyuma upande wa kulia, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi kuufunga kushoto. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Ikitofautiana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda.

Inua gurudumu, lizungushe, utumie mpira wa breki kama kipimo. Likiyumba milimita 2 au 3, fundi atalinyoosha kwa kukaza njiti. Likiyumba zaidi, au likiwa na njiti mbili zilizokatika upande mmoja, punguza bei au ondoka. Bana njiti mbilimbili kwa vidole: zote ziwe na ugumu unaokaribiana. Pitisha kidole pale breki inaposhika rimu. Pakiwa pamebonyea kama kijiko, rimu imelika na iko siku itapasuka kwa upepo wa tairi.

Shika rimu uitikise kulia na kushoto. Ikicheza, koni (nati zinazobana gololi za ekseli) zimelegea au zimelika. Kulegea ni kazi ya spana mbili. Kulika kunataka koni mpya na gololi mpya: kwa kawaida mbele 10 kila upande, nyuma 9 kubwa zaidi. Fanya vivyo hivyo kwa mikono ya pedali: shika yote miwili kwa pamoja, sukuma kushoto na kulia. Kisha bana breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma; mlio wa kugonga kwenye usukani ni vikombe vya gololi vilivyolegea, au vilivyochimbika.

Mnyororo upime kwa rula. Chagua pini moja uifanye sifuri, uhesabu nyingine 20. Mnyororo mpya utasoma milimita 254. Ukifika 255 na kitu, badilisha. Ukifika 256 na nusu, umeshatafuna meno ya friwili (yale ya gurudumu la nyuma), na mnyororo mpya ukiuweka peke yake utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Hesabu vyote viwili kwenye bei.

Mwisho simama nyuma ya baiskeli yenye gia. Kile kidude cha kubadilishia gia kining'inie wima, sambamba na gurudumu. Kikiinama kuelekea njiti, baiskeli iliwahi kuangukia upande wa kidude hicho, na siku mnyororo ukipanda duara kubwa la meno la nyuma kitaingia ndani ya njiti na kusimamisha gurudumu.

Ijaribu kwenye barabara iliyonyooka, pita gia zote, funga breki moja moja. Mshikio wa breki usiguse usukani. Ukikubaliana bei, geuza baiskeli, soma namba iliyochongwa chini ya ekseli ya pedali, uitake iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Muuzaji anayekataa kuandika namba hiyo amekwisha kukujibu swali ambalo hukuuliza, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

Wiki mbili za mwanzo

Iwe mpya au mtumba, mpe fundi aifungue ekseli zote aweke grisi. Nyingi za boksini huja karibu kavu. Wewe mwenyewe kaza mikono ya pedali baada ya safari mbili tatu za kwanza, hasa wa kushoto. Bolti yake mara nyingi ni ya spana ya boksi ya milimita 14. Mkono wa alumini ukiendeshwa ukiwa umelegea, ekseli ya chuma hulitafuna lile tundu la pembe nne likawa duara, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia, ni kununua mkono mwingine. Ukisikia mlio wa "tk" kila mguu wa kushoto unaposhuka, shuka papo hapo ukokote hadi kwa fundi. Na ukifungua pedali ya upande huo, kumbuka uzi wake wa skrubu ni wa kinyume: inafunguka kwa kuzungushia kulia.