SOMO: Kuomba na kupokea kibali cha kuingia anga inayodhibitiwa

Somo hili ni la rubani binafsi anayeruka kwa macho, yaani VFR. Kuzungumza na mwongoza ndege si kupewa kibali. Kibali ni kile ulichokisikia kikitamkwa pamoja na jina la wito la ndege yako, yaani jina inaloitwa redioni, ukakirudia, naye hakukusahihisha.

Hatua ya 1: Ijue anga unayopita. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imegawa anga katika madaraja saba, A hadi G. Daraja A ni la wanaoruka kwa vyombo peke yao, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege badala ya macho. B, C na D zinadai kibali kabla hujavuka mpaka, pamoja na redio. E inadhibitiwa, ila wewe wa VFR huombi kibali. F na G hazidhibitiwi. Nchi nyingi hazitumii madaraja yote, na zina tofauti zake, kwa hiyo soma taarifa rasmi za nchi unakoruka.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka mno. Ndani ya B, mwongoza ndege anakutenganisha na kila ndege. Ndani ya C anakutenganisha na wanaoruka kwa vyombo tu. Wa VFR wenzako anakutajia walipo. Ndani ya D hakutenganishi na yeyote: anakupa habari, kukwepa ni kazi yako. Ukipata kibali cha D ukainamisha macho kwenye tableti, hakuna anayekulinda.

Hatua ya 2: Soma notamu, yaani matangazo rasmi kwa marubani. Tazama pia maeneo yaliyopigwa marufuku (P), yenye masharti (R) na ya hatari (D, ambayo si daraja D). Hali hubadilika hata ndani ya siku moja.

Hatua ya 3: Wasilisha mpango wa safari. Kwa kawaida ya ICAO, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Kwa safari inayodhibitiwa, ukichelewa zaidi ya dakika 30, urekebishe. Mpango kupokelewa hakukuruhusu kuingia popote.

Hatua ya 4: Ita mapema. Taja jina la wito, aina ya ndege, ulipo, mwinuko na unachoomba. Ukiambiwa usubiri, zunguka nje ya mpaka. Ukipewa namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada), iweke, lakini bado hujaruhusiwa.

Hatua ya 5: Rudia. Kibali, mwinuko, uelekeo, namba ya transponda, kipimo cha altimita (kifaa kinachoonyesha mwinuko), na kila agizo la kuingia, kuvuka au kusubiri nje ya njia ya kurukia, yote hurudiwa kwa ukamilifu. "Nimepokea" haitoshi. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege ya shirika la KLM ilikuwa imepewa kibali cha njia ya kufuata angani, si cha kuruka. Ikaanza kukimbia ndani ya ukungu, ikaigonga ya Pan Am, na watu 583 wakafa. Siku hizi neno la kuruka hutamkwa tu kibali chenyewe kinapotolewa au kufutwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nimeruhusiwa kwa futi 2,500 na mbele kuna wingu. Niendelee?*
Hapana. Kibali hakifuti masharti ya VFR. Katika anga inayodhibitiwa, chini ya futi 10,000, unahitaji mwonekano wa kilomita 5, na uwe mita 1,500 kando ya wingu au futi 1,000 juu au chini yake. Sema "siwezi" na uombe mwinuko au njia nyingine kabla hujalifikia.

*Redio ikifa nikiwa tayari ndani ya D?*
Weka 7600 kwenye transponda, namba ya kuonyesha redio imekufa, baki nje ya mawingu, tua kwenye uwanja unaofaa ulio karibu, kisha uwaarifu haraka. Ukikaribia uwanja, tazama taa za mnara: kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni kupisha wengine na kuendelea kuzunguka.

*Mbona Marekani wanaingia C na D bila kusikia neno la kibali?*
Ni kweli, ndugu. Kule, kwa C na D, inatosha mawasiliano ya pande mbili kuanzishwa. Mwongoza ndege akitaja jina lako la wito na kusema "subiri", mawasiliano yameanza, unaweza kuingia. Akisema "ndege inayoita, subiri" bila kutaja jina, bado. Na akikuambia ubaki nje, unabaki nje hata kama jina amelitaja. Kwa B, hata kule, lazima usikie kibali chenyewe.